Gari ya mama inagoma kuwaka (kikundi cha ukoo, Mtwara)

*Zuhura:* Asalam aleikum wanandugu. Gari imegoma tena, nipo hapa nyumbani Shangani, kesho asubuhi mama ana kliniki Ligula, na jana nimeenda nayo Mikindani nikarudi bila tatizo lolote, leo nageuza funguo wapi

*Shemeji Hamza:* Waleikum salaam. Betri hiyo shem

*Zuhura:* Betri si tumebadilisha juzijuzi tu shemeji, fundi alisema ndo yenyewe. ikakaa kidogo tukajua imepona

*Somoe:* Pole dada. Ya kwangu ilikuwa ivoivo ikaja kuonekana pampu ya mafuta, ikipata moto mchana haiwaki mpaka ipoe

*Mjomba Salumu:* Jamani tulieni kwanza msimnunulishe mtoto vitu. Zuhura mpwa wangu, ukigeuza funguo unasikia nini? Selfu, ile mota ya kuwashia injini, inazunguka ila injini haishiki, au kimya kabisa, au inapiga tk?

*Zuhura:* Shkamoo mjomba. Inapiga tk moja tu, haizunguki. Nikirudiarudia kuna wakati inakubali

*Mjomba Salumu:* Marahaba. Basi Somoe pampu tuiweke pembeni, na plagi pia na masensa, mana hivyo vikifa selfu inazunguka vizuri tu injini ndo haishiki. Hapa selfu yenyewe haipati nguvu. Zuhura washa taa kubwa, mtu akae mbele aziangalie, afu piga selfu. Zinafifia?

*Mama Mdogo:* Ajaribu na kuweka gia N, ya jirani yetu ilikuwa inagoma kwenye P

*Zuhura:* N nimejaribu mama mdogo vilevile. Mjomba taa hazififii, ziko kali tu

*Mjomba Salumu:* Sawa. Betri ingekuwa hoi, au vichwa vyake vimelegea, taa zingezima au zingebaki kama mshumaa. Zikibaki kali na selfu inapiga tk maana yake betri ina umeme ila hauifikii selfu. Hapo nashuku viwili, kopa (shaba) za ndani ya selfu zimelika, au waya wa ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri, ule mnene unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini. Taa zina ethi yao kwenye bodi ndo mana zenyewe hazijali. Nani aliibusti mara ya mwisho, yaani kuiwasha kwa nyaya za betri ya gari nyingine, na ule waya mweusi alibana wapi?

*Kaka Bakari:* Mimi mjomba. Nyekundu kwa nyekundu, mweusi nikabana kwenye chuma cha injini, ndo tulivyofundishwa usibane kwenye betri cheche zisije zikaleta balaa. Ikawaka hapohapo

*Mjomba Salumu:* Umebana sawasawa kabisa, na hapohapo ukampa injini ethi mpya bila mtu kujua!! Gari ikawaka, watu wote wakasema betri. Sasa Bakari nenda pale na mita, weka DC 20. Ncha moja kwenye hasi ya betri, kwenye kile kichwa chenyewe sio kwenye kibanio, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Gia P, hendibreki juu, mikono na nyaya mbali na feni. Zuhura apige selfu. Mita isizidi kama volti 0.3 hivi

*Kaka Bakari:* Nipo hapa. Betri yenyewe 12.5. Akipiga selfu kati ya hasi na injini inaruka mpaka 6 na kitu!

*Mjomba Salumu:* Basi tumempata. Hizo volti zote zinaishia njiani selfu itazunguka na nini. Chukua waya mmoja wa busta unganisha hasi ya betri na injini, ajaribu

*Zuhura:* IMEWAKA 😭😭 mara ya kwanza tu, tumezima tukarudia inawaka

*Kaka Bakari:* Nimeufuata waya mpaka chini kwenye giaboksi, bolti ina kutu, nikichubua plastiki ndani kopa imekuwa kijani unakatikakatika

*Mjomba Salumu:* Upepo wa chumvi huo, magari ya huko ufukweni unawala hivyo. Usiishie kupiga msasa, huo umeoza, weka mpya unene uleule. Toa hasi ya betri kwanza na uirudishe mwisho. Pale bolti inapokaa safisha mpaka chuma king'ae, kaza, afu paka grisi juu

*Mama Mdogo:* Alhamdulillah. Kesho saa moja na nusu nipitieni na mimi

*Kaka Bakari:* Nimefunga waya mpya mjomba. Sasaivi inasoma 0.1, na ikiwa inanguruma betri inapokea 14.1

*Mjomba Salumu:* Oltaneta inayochaji betri nzima basi, selfu msiiguse. Zuhura ile betri ya zamani mliyoitoa ipo? Usimuuzie mtu wa vyuma chakavu, ichajiwe ipimwe, inawezekana haina kosa lolote

*Zuhura:* Ipo stoo mjomba. Naitoa sasaivi