Aliyemnyanyua mama yangu kitini pale Mama Ngina: mnamjua nyote

Nimeingia nyumbani robo saa iliyopita, vidole bado vinanuka ndimu na pilipili, na mkono unatetemeka kwa hasira ninapoandika. Ninayemlalamikia sitamtaja, kwa sababu kila aliyewahi kutembea jioni pale Mama Ngina, ufukweni hapa Mombasa, anamjua, na asiyemjua ameshaisikia sauti yake, maana akinadi mihogo hata abiria wa feri ya Likoni hugeuka wakidhani wameitwa wao.

Leo nilimpeleka mama yangu kupunga upepo. Ana miaka 72, magoti hayampi raha, na marehemu baba alikuwa kuli bandarini Kilindini, kwa hiyo furaha yake kubwa ni kukaa karibu na ile mibuyu na kungoja meli iingie kwenye mlango wa bahari, pale pembamba ambapo hupita karibu mno hata unawaona mabaharia wakitembea juu yake. Tulinunua sahani mbili za mihogo ya kukaanga na madafu mawili, tukapewa viti vya plastiki. Meli ikaonekana kwa mbali. Mama alikuwa akila polepole, kama walavyo wenye meno machache, na alipotia kinywani kipande cha mwisho, bwana yule akaja, akashika mgongo wa kiti na kusema mbele ya watu wote: "Bibi, muhogo umekwisha, na kiti kimekwisha."

Kiti kimekwisha! Nimeishi Mombasa miaka yangu yote na sijawahi kusikia kiti kikiisha kama chumvi mtungini. Mama alinyanyuka, muhogo bado uko shavuni, akaanza kutafuta pa kuegemea, na wakati huohuo meli ikapita nyuma yake akiwa ameipa kisogo. Kiti kilipelekwa kwa vijana wawili ambao hawakuwa wameagiza hata achari. Najua kwamba mahali pale palitengenezwa upya na kwamba Sikukuu ya Mashujaa ya mwaka 2019 ilifanyika palepale, na najua pia kuna mahali pa kukaa pasipo malipo, lakini jioni ya Jumapili hujaa watu, na mtu mwenye magoti yale hawezi kuchuchumaa kwenye jiwe. Narudia ili mnielewe: alimwambia mama yangu, si mimi, kwamba kiti kimekwisha.

Mkaazi_wa_Kisauni: Pole sana, na umfikishie mama shikamoo yangu. Bwana huyo mimi alinitoza achari niliyoonja kwa ncha ya ulimi, na nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa sauti iliyowaamsha kunguru wote wa mjini.

Upepo_wa_Kusi: Mama tunamheshimu, lakini wewe ndugu yangu tueleze mlikaa saa ngapi. Kwa sahani mbili za muhogo ulitaka kungoja meli itoke Bombay ifike Kilindini, na mwenye viti ale nini? Mwana mzima umeshindwa kununua sahani ya tatu, kisha unakuja kutulilia sisi.

Mwenye uzi: Ningenunua sahani ya tatu, hata ya kumi, lau angeniambia mimi. Hakuniambia mimi. Alimwambia mama, muhogo ukiwa bado kinywani, kwamba kiti kimekwisha.

Binti_Bamburi: Nyinyi mna bahati, maana mnaondolewa kitini. Njooni huku ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta mkutane na mwenye ngamia, ambaye nyote mnamjua pia. Kumpanda ngamia wake ni bei moja, na kushuka ni bei nyingine ambayo huisikii mpaka uko juu. Wanangu walikaa huko wakilia huku mimi nikipekua mkoba, na ngamia mwenyewe alinitazama kwa huruma kuliko bwana wake.

Mpwani_Halisi: Hayo ni madogo. Kifungu cha 62 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaihesabu ardhi yote iliyo kati ya maji yanapojaa na yanapokupwa kuwa ya umma, lakini askari wa hoteli moja ya pwani ya kaskazini alinipigia filimbi nikiwa nimesimama ndani ya maji mpaka magotini, kana kwamba Bahari ya Hindi ameirithi kwa babu yake.

Upepo_wa_Kusi: Kifungu unacho, lakini filimbi anayo yeye.

Mtoto_wa_Unguja: Njooni Forodhani muone dhuluma. Vijana wanakimbia, wanaruka kutoka ukutani, na yule mmoja mnene, ambaye kila mtu wa Mji Mkongwe anamjua, huchagua kuruka pale ninapokaa na bakuli langu. Ijumaa iliyopita urojo wangu uliingia maji ya bahari mpaka kachori zikaelea kama ngalawa.

Mkaazi_wa_Kisauni: Urojo wa Unguja hata bila maji ya bahari hauufikii wa Mombasa.

Mtoto_wa_Unguja: Neno hilo ulifute kabla sijavuka bahari kukufuata.

Mwenye uzi: Nawaomba turudi kwenye kiti. Mama amelala bila chakula cha usiku, na kabla ya kulala ameniuliza meli ile ilikuwa ya rangi gani. Nimeshindwa kumjibu, kwa sababu nilikuwa nimemkodolea macho yule bwana na sikuiangalia. Nani alikuwa Mama Ngina leo kabla ya magharibi, na aliiona?

Kaka_wa_Shanzu: Binti Bamburi, ngamia unayemsema ni yule mwenye shanga shingoni? Kama ndiye, mdogo wangu alidaiwa shilingi 300 za kushuka, akaamua kuruka, na sasa anachechemea.

Binti_Bamburi: Ndiye huyohuyo. Mlete mdogo wako Jumamosi asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, tumwendee mwenyewe pamoja.