Mgombea wetu kaongelea kikokotoo mkutano mzima. Kakosea?

Jicho la Jimbo
Wadau, salaam. Jana Jumapili nilikuwa uwanja wa shule ya msingi kumsikiliza mgombea ubunge. Jina na chama nayaacha, anayejua anajua. Kashika kipaza sauti karibu dakika arobaini, na barabara yetu ya kwenda kiwanda cha pamba haikupata hata tano. Zilizobaki zote: kikokotoo cha wastaafu (ile hesabu ya mafao yao), bima ya afya kwa wote, Katiba mpya, na kwa nini Bunge lirudi kuoneshwa mubashara kama ilivyokuwa kabla ya 2016.

Watu wakaanza kuguna. Nyuma kabisa mama mmoja akapaza sauti: "Maji! Maji!" Uwanja ukalipuka. Mgombea akaacha hoja yake katikati, akaahidi kisima kirefu ndani ya siku 100 za kwanza. Ndipo vigelegele vikaanza.

Mimi nasema alikuwa sahihi mpaka pale alipokatizwa. Mbunge si fundi bomba. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Visima ni kazi ya RUWASA, wakala wa maji vijijini; barabara za huku kwetu ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini; ile kubwa ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Tukimpeleka Dodoma mchimba visima, tutakuwa na mtu asiyejua hata kuuliza fedha za visima zimeishia wapi. Na msidanganyike na ule umati, nusu yake ni bodaboda waliowekewa mafuta lita mbili mbili waje kupiga honi.

Swali: mgombea ubunge anadi mambo ya jimbo au ya taifa? Nawasilisha.

Kijiwe cha Mnadani
Nimesoma mpaka kwenye bodaboda nikasimama. Lita mbili ulizipima wewe? Ilikuwa lita moja, na wenzetu sita walipewa karatasi ambayo sheli waliikataa. Honi ni ya kwangu, sikulipwa kuipiga.

Sauti ya Nyikani
Kwa hiyo unakiri 😂

Kijiwe cha Mnadani
Nakiri nini? Nimetoka kijiweni saa nane, nimerudi magharibi. Hapo nimekosa abiria wangapi? Hesabu ya tajiri ni buku nane kwa siku, mgombea apite asipite. Hiyo lita moja ilikuwa ya kunirudisha nyumbani.

Binti Mkulima
Mleta mada umegawa jimbo na taifa kama shamba la urithi, huyu huku na huyu kule. Mimi nalima pamba. Bei inatangazwa na wakubwa, viuatilifu vinakuja kwa utaratibu wa Bodi ya Pamba, mzigo naupeleka AMCOS, chama chetu cha ushirika, halafu mvua ikinyesha lori halifiki kwa sababu ya korongo lile la pale kwa mzee wa mashine. Niambie, pamba yangu ni ya jimbo au ya taifa? Mbunge akinyamaza Dodoma mimi nalala njaa hapa hapa kijijini. Nilitaka aseme hayo mawili kwa pumzi moja, na hakusema hata moja. Kikokotoo kinamhusu nani pale uwanjani? Walimu wanne na bwana afya.

Jicho la Jimbo
Walimu wanne? Dada yangu, wanao wamefundishwa na nani kusoma huo mzani wa AMCOS? Mtumishi analitumikia taifa miaka thelathini na kitu, anaondoka na mkupuo wa asilimia 33 ya mafao yake, mpaka kelele zilipopigwa ndipo bajeti ya 2024 ikapandisha kuwa 40 kwa wengine na 35 kwa wengine. Kelele zilipigwa wapi? Bungeni! Zingepigwa na mchimba visima?

Sauti ya Nyikani
Ahaaa. Kumbe mleta mada ni mwalimu anasubiri mafao. Mada imejieleza yenyewe.

Jicho la Jimbo
Sijastaafu. Bado miaka miwili. Na hilo halihusiani.

Kijiwe cha Mnadani
Miaka miwili! Sasa nimekujua. Wewe ndiye mwalimu wa begi la kahawia, nilikubeba mwezi wa saba kutoka stendi ukasema nitakutumia kwa simu. Buku mbili yangu iko wapi? Unanisema mimi kwa lita moja?

Wakili wa Barazani
Tutulie. Suala la mafuta ni la kisheria. Takrima, ule "ukarimu" wa mgombea kwa wapiga kura, ilipigwa marufuku 2010, kwa hiyo hiyo lita ni rushwa moja kwa moja, aliyetoa na aliyepokea wote wanaitwa TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa.

Mpenda Kumbukumbu
Wakili umechanganya. Takrima iliingizwa kwenye Sheria ya Uchaguzi mwaka 2000, Mahakama Kuu ikaifuta 2006 kwa sababu inampendelea mwenye nacho. 2010 ni Sheria ya Gharama za Uchaguzi, ambayo inamtaka mgombea aeleze katumia nini na kapata wapi.

Wakili wa Barazani
Ndicho nilichosema.

Mpenda Kumbukumbu
Sicho ulichosema.

Wakili wa Barazani
Haya, 2006. Hoja yangu iko pale pale. Ila pia nimwambie mleta mada kwamba anamnyima mbunge kazi ambayo sheria imempa. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani, barabara na visima vinapita mbele ya macho yake. Pia kuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, sheria ya 2009, mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge mwenyewe. Kisima kimoja hakiushindi ule mfuko. Asichoweza ni kuongeza fedha kwenye bajeti kwa ubavu wake. Ibara ya 99 inataka jambo la kodi au matumizi ya mfuko mkuu liletwe na Rais kupitia waziri. Na Bunge likigoma kupitisha bajeti, ibara ya 90 inampa Rais nafasi ya kulivunja. Sasa mtu anayewaahidi lami kilomita arobaini, muulizeni ataileta kupitia mlango upi.

Mama Kanga Mbili
Wakili, umesema aliyepokea naye anaitwa TAKUKURU. Mimi nina kanga mbili za kampeni, moja ya chama hiki na moja ya kile. Nitaitwa mara mbili?

Wakili wa Barazani
Kati ya yote niliyoandika umeona kanga.

Mama Kanga Mbili
Naziona kila siku, nafungia mtoto.

Kijiwe cha Mnadani
Rushwa ni kumpa mtu akupigie kura. Mimi sikuulizwa nampigia nani. Niliambiwa "msafara unaanzia njia panda." Ni kibarua kama kibarua kingine, mbona wapiga ngoma wamelipwa na hamuwasemi? Mbona mwenye spika hamumsemi? Msomi akilipwa kuandika hotuba ni mshauri, bodaboda akiwekewa lita moja kanunuliwa. Na kwa taarifa yenu kila lita inayouzwa pale sheli ina tozo ya Mfuko wa Barabara ndani yake. Sisi tunaoshinda barabarani ndio tunaoilipia hiyo barabara kuliko mwalimu anayetembea kwa mkopo.

Sauti ya Nyikani
"Anayetembea kwa mkopo" 😂😂 mwalimu lipa hiyo buku mbili tuendelee.

Jicho la Jimbo
Nimeshaituma. Angalieni simu zenu. Naomba turudi kwenye mada.

Kijiwe cha Mnadani
Imeingia. Asante mwalimu. Ila makato umeniachia mimi.

Binti Mkulima
Kijiwe, hapo kwenye tozo umeongea na sikukutegemea. Ila nina neno na wewe. Ukishapokea lita, mwakani ukimkuta huyo mheshimiwa ana V8 kwenye korongo lile lile utamwambia nini? Atakujibu tulishamalizana njia panda. Lita moja inatufunga mdomo wote, hata mimi ambaye sina pikipiki. Hapo ndipo panaponiuma, haya mambo ya nani kaitwa TAKUKURU ni yenu.

Kijiwe cha Mnadani
Nitamwambia dada. Mimi mdomo wangu haufungwi na petroli.

Chaguo Sahihi
Mnapoteza muda. Mgombea wetu ni jembe, msomi, ana maono, kura zote kwake, wenye wivu wajinyonge.

Sauti ya Nyikani
Chawa kafika. Wewe uliwekewa lita ngapi?

Babu wa Mbuyuni
Wajukuu zangu, nimesoma yote na miwani yangu ina ufa. Mmesema "jembe" nikacheka. Mimi nilipiga kura mara ya kwanza 1975, enzi ya chama kimoja. Kila jimbo wagombea wawili, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Chama ndicho kiliitisha mkutano, wote wawili wanasimama mbele yenu siku moja, mnamuuliza huyu kisha yule. Hakuna fulana, hakuna msafara, wala huyo wa kumwekea mtu mafuta hayupo, maana pikipiki zenyewe zilikuwa za bwana shamba na padri.

Na msidhani watu walikuwa wanapeleka tu mtu mkubwa wa kitaifa. Baba yangu alikuwa akitusimulia habari za 1965, uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyewajengea wakulima wa pamba ushirika wao huku Kanda ya Ziwa, aliangushwa kwenye jimbo lake Mwanza. Waziri mzima! Nyerere ikabidi amrudishe kwa ubunge wa kuteuliwa. Baba alisema watu walimwona amekuwa wa Dar es Salaam.

Jicho la Jimbo
Shikamoo babu. Umenipa silaha bila kujua. Bomani kaangushwa, halafu taifa bado likamhitaji. Sasa nani alikosea, mpiga kura au Nyerere?

Babu wa Mbuyuni
Marahaba. Mimi nimesimulia, silaha umeiona wewe.

Mpenda Kumbukumbu
Marehemu mzee wangu alipiga jembe kila uchaguzi mpaka vyama vingi vilipoingia. Hakuwahi kujua mgombea ni nani. Alisema yeye ni mkulima, atapigaje nyumba.

Mama Kanga Mbili
Kwetu walipiga nyumba. Bibi alisema jembe analo tayari.

Binti Mkulima
😂 Bibi yako apewe ubunge.

Wakili wa Barazani
Kwa Katiba ya sasa bibi angehitaji umri wa miaka 21, kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na adhaminiwe na chama cha siasa. Mgombea binafsi bado ni ndoto. Mchungaji Mtikila aliipeleka hiyo kesi mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha, akashinda 2013, na sheria haikubadilika.

Sauti ya Nyikani
Kusoma na kuandika tu? Ndiyo maana tunapeleka watu wa kugonga meza.

Kijiwe cha Mnadani
Mimi nimeishia la saba. Unasemaje hapo?

Sauti ya Nyikani
Sijasema wewe.

Kijiwe cha Mnadani
Umesema kusoma na kuandika "tu". Hiyo "tu" ni ya kwangu. Kuna wabunge wa darasa la saba wanauliza maswali hadi waziri anatafuta maji ya kunywa, na kuna madaktari wa falsafa wamekaa miaka mitano sijasikia hata chafya yao.

Jicho la Jimbo
Jamani. Elimu si mada. Mafuta si mada. Jembe na nyumba si mada. Nimeuliza jambo moja: yule mama alipopaza sauti "maji", mgombea alipaswa kumwambia ukweli kwamba kisima si kazi ya mbunge, au afanye alichofanya, aahidi ili ashangiliwe? Kwa sababu mimi niliona pale wananchi wanamtoa mtu kwenye mambo ya taifa kwa nguvu. Mama mmoja kabadilisha ajenda ya jimbo zima. Nimekesha nalo.

Mama Watano
Habari zenu. Binti yangu kanisomea haya mnayoyaandika, nikamwambia nipe simu nijibu mwenyewe. Huyo mama ni mimi. Mwalimu, nilikuwa nauza maji.

Sauti ya Nyikani
Unauza nini?

Mama Watano
Maji ya chupa. Madogo, mia tano. Nilikuwa na beseni kichwani na barafu inayeyuka, jua lile mnalijua. Nikapaza sauti kama ninavyopaza kila siku stendi: maji, maji. Kumbe amenyamaza kumeza mate, sauti yangu ikaenda peke yake. Watu wakapiga makofi. Nikaogopa, nikadhani nitafukuzwa.

Kijiwe cha Mnadani
Mama 😂😂😂 nimesimamisha pikipiki nicheke.

Binti Mkulima
Subiri. Kisima kirefu cha siku 100 tumeahidiwa kwa sababu ya beseni?

Wakili wa Barazani
Ahadi ni ahadi. Shahidi ni uwanja mzima.

Jicho la Jimbo
Lakini umati ulipiga makofi. Wao walielewa maji ya bomba. Kwa hiyo hoja yangu bado inasimama kwa namna fulani.

Mama Watano
Walipiga makofi kwa sababu kiu ilikuwa kiu mwalimu, hata ya chupa niliuza beseni zima. Na bomba la kwetu linatoa hewa tangu mwezi wa sita, kwa hiyo kisima sikukikataa, nimekaa kimya. Shida yangu ni nyingine. Baada ya ile ahadi kijana mmoja wa jukwaani mwenye fulana ya kampeni alikuja akachukua chupa sita za kuwapa wakubwa, akasema atarudi. Hakurudi. Ni elfu tatu. Kama kuna anayemjua yeyote kwenye ule msafara amfikishie.

Kijiwe cha Mnadani
Kesho wapo kata ya jirani, mama. Nikuchukue saa nane, nauli utalipa ukishalipwa.