Kulala katika yurti Januari, Minnesota: tutakaaje na joto hadi alfajiri?

Mama Zawadi:
Ndugu zangu, habari zenu. Januari ijayo tumepanga, mimi, mume wangu na watoto wetu wa miaka 7 na 10, kulala siku mbili katika yurti ya hifadhi ya jimbo ya Glendalough. Kwa asiyeifahamu, yurti ni nyumba ya mviringo yenye kuta za fito zilizopishanishwa, iliyofunikwa turubai na kujengwa juu ya sakafu ya mbao. Ndani mna vitanda vya ghorofa na jiko la kuni. Usiku wa Januari huku unaweza kushuka hadi nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri. Mume wangu anashikilia kwamba jiko likiwaka vizuri hatuhitaji kingine, ilhali mimi nina wasiwasi na saa tisa ya usiku, wakati moto umefifia na sote tumelala fofofo. Amependekeza pia tubebe jiko letu la mkaa kama akiba. Naomba ushauri.

Mkaazi wa Duluth:
Dada, naanza na hilo la mwisho kwa kuwa halina mjadala: jiko la mkaa lisiingie ndani ya yurti, hata kama yamebaki makaa tu. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na sisi tuliokulia nyanda za juu tumesikia mara nyingi, hasa miezi ya Juni na Julai, habari za watu waliojifungia chumbani na jiko wasiamke. Jiko la kuni la yurti ni salama zaidi kwa sababu lina dohani inayotoa moshi nje. Hata hivyo, bebeni king'ora cha kaboni monoksidi kinachotumia betri.

Kuhusu saa tisa ya usiku, wasiwasi wako una msingi. Turubai halihifadhi joto kama ukuta wa matofali, kwa hiyo yurti hupata joto upesi na kulipoteza upesi vilevile. Kabla ya kulala, acheni moto utengeneze makaa mengi, kisha wekeni juu yake magogo manene mawili au matatu ya mti mgumu uliokauka, kama mwaloni, na mpunguze hewa ya jiko kiasi. Msiifunge kabisa, kwa maana moto unaonyimwa hewa hufuka moshi tu na kujaza lami ndani ya dohani, na lami hiyo siku moja huweza kushika moto. Hata mkifanya hivyo, mtu mmoja atalazimika kuamka kuongeza kuni, na kwa kuwa baba ndiye anayeliamini jiko, zamu hiyo ni yake. Kuni nunueni kwa wauzaji walioidhinishwa; hifadhi za Minnesota hazikubali za kutoka nyumbani, kwa sababu wadudu waharibifu wa miti husafiri ndani ya magogo.

Msomaji wa Ulaanbaatar:
Nilisoma Mongolia, ambako nyumba hizi huitwa ger na watu huzikalia mwaka mzima, hata baridi inapopita nyuzi 30 chini ya sifuri. Tofauti ni kwamba wao hufunika kuta kwa sufu iliyoshindiliwa, huongeza tabaka nyingine majira ya baridi yanapoingia, na huziba kwa uangalifu ukingo wa chini, pale ukuta unapokutana na ardhi. Nanyi mkifika, piteni na kiganja kuanzia mlangoni kando ya sakafu. Mtakapohisi upepo, zibeni kwa blanketi lililokunjwa, ila mbali na jiko.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni ubaridi wa chini. Mfuko wa kulalia hushikilia joto kwa hewa iliyomo katika ujazo wake, na upande unaoulalia hugandamizwa hadi hewa hiyo ikaisha, kwa hiyo hata mfuko wa bei ghali hauwezi kukukinga na godoro lililoganda. Tandikeni mkeka mnene wa povu juu ya kila godoro. Mnaponunua mifuko, someni nyuzijoto za kulala kwa raha, si zile za kikomo cha chini, ambazo ndizo wauzaji hupenda kuziandika kwa herufi kubwa.

Bibi Rehema:
Watoto wasilale na nguo walizochezea kwenye theluji, kwani jasho lililonasa katika pamba huwapoza usiku kucha. Wavalishwe soksi kavu za sufu na kofia. Chupa ngumu ya maji ya moto, iliyofungwa barabara na kuvikwa soksi, iwekwe miguuni nusu saa kabla hawajapanda kitandani. Wapelekwe chooni kwanza, maana choo kiko nje.

Mama Zawadi:
Nimewaelewa, na jiko la mkaa litabaki nyumbani. Je, kitanda cha juu kina joto kuliko cha chini, na glavu zilizolowa nizianike wapi?

Mkaazi wa Duluth:
Naam, hewa ya moto hupanda, kwa hiyo wa juu anaweza kutoka jasho wakati wa chini anatetemeka. Mkubwa alale juu na mfuko mwepesi, na mifuko mizito ibaki chini. Glavu zianikwe kwenye kamba iliyo juu, mbali na jiko na dohani.