Naomba ushauri: ubia usio na usawa unadumaza ubunifu wetu

Ndugu zangu, naongoza kitengo cha utafiti katika kampuni ya ubia ambamo mshirika wa kigeni anamiliki asilimia 70 ya hisa, nasi asilimia 30. Mkataba unaelekeza kwamba hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) ya kila uvumbuzi isajiliwe kwa jina lake, na kwamba badiliko lolote la bidhaa liidhinishwe na makao yake makuu. Matokeo yake, wahandisi wetu, ambao ndio wanaowasikiliza wateja kila siku, wameacha kuleta mawazo mapya, kwa kuwa wazo likikataliwa huzikwa, na likikubaliwa huwa mali ya mwingine. Jambo hili linaniumiza sana.

Sidai kwamba hisa ndizo kila kitu. Hata hivyo, Fuji Xerox, kampuni ya ubia iliyoanzishwa Japani mwaka 1962 kwa hisa nusu kwa nusu kati ya Fuji Photo Film ya huko na Rank Xerox ya Uingereza, ilianza kwa kuuza mashine za kunakili za mshirika wake wa kigeni, lakini wahandisi wake walipopewa nafasi walibuni mashine ndogo za kunakili ambazo baadaye mshirika huyo naye aliziuza.

Mkataba wetu utapitiwa upya karibuni. Kwa mliowahi kujadiliana mkiwa upande mdogo, je, tudai umiliki wa pamoja wa hataza, au leseni ya kudumu ya kutumia tulichobuni, pamoja na bajeti ya utafiti isiyohitaji idhini? Umiliki wa pamoja unanitia hofu, kwani sheria za nchi hutofautiana kuhusu iwapo mmiliki mmoja anaweza kutoa leseni bila ridhaa ya mwenzake.