NAC au glutathioni ya vidonge, nianze na ipi?

kifuakizito: Wakuu habari zenu. Nasumbuliwa na makohozi mazito kila asubuhi, jamaa mmoja kaniambia nitumie NAC (N-asetilisisteini, dawa ya kulegeza makohozi), mwingine anasema ya nini kuzunguka, meza glutathioni ndo antioksidanti yenyewe, yaani inayokinga seli zisiharibiwe. Ipi bora?

wa_famasi: Mkuu mimi nafanya kazi famasi. Glutathioni mwili unaitengeneza wenyewe kwa amino asidi 3, yaani sisteini, glutamati na glaisini, na inayoadimika zaidi ni sisteini, sasa NAC inakupa hiyo hiyo. Glutathioni ukiimeza sehemu kubwa inavunjwavunjwa tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Kwa makohozi ndo usijiulize mara mbili, NAC inakata viungio vya salfa vinavyoyashikanisha, yanalegea. Mtu mzima 600 mg kwa siku inatosha, usijipandishie.

mama_pacha: Mwambieni na harufu jamani!! Nilivyofungua kopo nilijua dawa imeoza, yai viza kabisa, kumbe ndo salfa yenyewe. Na usimeze tumbo tupu, mi nilitapika siku 2 mfululizo mpaka nilipoanza kumeza baada ya kula.

tatu_k: Una pumu? Kama unayo usiguse bila daktari, hasa ile ya kuvuta kwa mashine, inaweza kubana njia za hewa. Na mtu wa moyo anayetumia naitrogliserini asichanganye, presha inashuka na kichwa kinauma balaa.

kifuakizito: Pumu sina. Vipi ile glutathioni ya sindano, wanasema inang'arisha na ngozi?

wa_famasi: Hapo nakuomba sana achana nayo. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijaidhinisha sindano hata moja ya kung'arisha ngozi.

mzee_baraka: Nasikia NAC inaokoa hata aliyezidisha parasetamoli, ni kweli?

wa_famasi: Kweli kabisa mzee wangu, inalinda ini, ila hiyo ni kazi ya hospitali, dozi inapigwa kwa uzito wa mgonjwa na ikiwahi ndani ya masaa 8 ndo inafanya kazi vizuri zaidi, kwa hiyo mtu asikae nyumbani anameza kapsuli za dukani huku ini linaharibika. kifuakizito, makohozi yana muda gani?

kifuakizito: Mwezi wa 2 huu.

wa_famasi: Basi kesho nenda kapime makohozi kwanza, NAC itakusubiri. Na kama una presha usichukue ile ya kuyeyusha kwenye maji, ina sodiamu nyingi, chukua kapsuli.

kifuakizito: Sawa mkuu, asubuhi naenda.