Shughuli za gharama nafuu za kufanya pamoja na mtoto mwenye nguvu nyingi na tabia ngumu

Mjomba wa Mbagala:

Ndugu zangu, habari za majukumu. Naomba mawazo ya wazazi, walimu na walezi wenye uzoefu. Ninamlea mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, mvulana wa miaka minane anayesoma darasa la pili. Ni mtoto mwenye akili na mwenye huruma, lakini mwili wake hautulii: chakula hula akiwa amesimama, na akitumwa dukani hurudi kwa kuparamia ukuta wa jirani. Akishindwa mchezo huwapiga wenzake, na akikatazwa jambo ghafla hurusha chochote kilicho karibu. Majirani wameanza kuwaita watoto wao ndani kila anapotoka, na hilo linaniumiza kuliko malalamiko ya shuleni, kwa sababu yeye mwenyewe ameshaliona.

Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi barazani, kwa hiyo mchana na jioni tunakuwa pamoja. Viwanja vya michezo vya kulipia kiingilio siviwezi. Natafuta shughuli za kufanya naye, si za kumwondoa tu machoni pangu, ambazo gharama yake haizidi nauli ya daladala na fedha kidogo ya mihogo. Simu sitaki kumpa, maana kumnyang'anya ni vita.

Mwalimu Mstaafu:

Mjomba, pole kwa msiba na hongera kwa malezi. Nimefundisha madarasa ya chini kwa miaka mingi, na watoto wa namna hii niliwapenda sana, kwa kuwa ukiwapata hawakusahau. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 za mazoezi ya kutoa jasho kila siku, na mpwa wako huenda akahitaji zaidi. Hata hivyo, usifikirie kukimbia peke yake. Kazi inayotumia mabega na viganja, kama kubeba dumu dogo la maji, kutwanga kisamvu, kukuna nazi au kufua nguo zake mwenyewe, mara nyingi huwatuliza watoto hawa kuliko mbio zisizo na mwisho.

Anza na chapati. Tandika mkeka, weka sinia chini ili apige magoti na kukandamiza unga kwa uzito wa mwili wake wote, nawe ukande donge lako pembeni yake. Hesabuni kwa sauti kila mkandamizo. Unga ukishalainika hufunikwa kwa kitambaa ukalala, na hapo ndipo penye faida kubwa, kwa sababu anajifunza kusubiri jambo ambalo si wewe uliyeamua lisubiriwe. Wakati huo mpe kazi nyingine fupi, kama kuosha kibao. Agizo liwe moja kwa wakati mmoja, na liseme la kufanya badala ya lile la kuacha: "Weka mti wa kusukumia juu ya kibao" humwingia upesi kuliko "Usichezee hicho." Akifaulu, taja alichofanya: "Umesubiri mpaka donge la mwisho likakatwa." Kukaanga kubaki kwako.

Kwa michezo, chagua ile anayoshindana na nafsi yake: kuruka kamba na kuhesabu, au kuendesha tairi bovu la pikipiki kwa kijiti bila kuliangusha. Mashindano na wenzake yasubiri.

Mama Pacha:

Shikamoo Mwalimu. Nakubaliana nawe kuhusu kazi za mikono, ila naomba kutofautiana kidogo juu ya mashindano. Mtoto anayeogopa kushindwa hajifunzi kushindwa kwa kutokucheza. Kinachosaidia ni mchezo mfupi mno, ambao kushindwa kwake ni kudogo na nafasi nyingine inakuja papo hapo. Kwetu mdako ndio uliotufaa: mnachimba kishimo, mnaweka kokoto, unarusha moja juu na kuzichota nyingine kabla ya kuidaka. Ukiikosa, zamu imekwisha, na baada ya muda mfupi inarudi kwako. Mjomba acheze naye kwanza wawili tu, na zamu yake mwenyewe inapopotea aseme kwa sauti, "Nimeikosa, nimekasirika kidogo, nasubiri zamu yangu." Watoto huyaiga maneno hayo kuliko tunavyodhani.

Kuhusu majirani, usijaribu kumrudisha kwenye kundi zima. Zungumza na mzazi mmoja unayeelewana naye, umwombe mtoto mmoja aje barazani kwako kwa muda mfupi wakati wewe upo, na mwachane mchezo ukiwa bado mtamu. Jina baya la mtoto huondoka nyumba moja baada ya nyingine.

Mjomba wa Mbagala:

Nawashukuru sana. Nina swali moja ambalo ndilo gumu kwangu kuliko yote. Kuanza si tatizo, tatizo ni kumaliza. Tukiwa katikati ya furaha na mimi nikisema "basi, turudi," hapo ndipo mambo yanapoharibika, na yale mazuri yote tuliyoyafanya yanafutika. Nifanyeje?

Muuguzi wa Watoto:

Kaka, mtoto huyu hawezi kukatiwa ghafla. Mwambie mwisho kabla ya kuanza, kwa kitu anachoweza kukiona au kukihesabu, kwa kuwa "dakika tano" kwake haina maana: "Tutapiga penalti kumi, kisha tunanawa miguu." Zikibaki tatu, mkumbushe. Kinachofuata baada ya mchezo kiwe kilekile kila siku, kama kunawa, kunywa maji, kisha kukunja mkeka pamoja. Akilipuka licha ya hayo, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, punguza maneno, kaa mahali anapokuona na usimpige. Mazungumzo yasubiri mpaka pumzi yake ishuke. Usimnyime mchezo wa kesho kama adhabu ya leo, kwa maana huo mchezo ni sehemu ya tiba yake.

Katika ushauri wa malezi uliotolewa mwaka 2020 wakati wa UVIKO-19, WHO na UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia watoto, walipendekeza mzazi atenge muda wa kuwa na kila mtoto peke yake, hata dakika 20, ikiwezekana saa ileile kila siku, na mtoto ndiye achague la kufanya. Cherehani isimame muda huo.

Pamoja na michezo, nakusihi umpeleke akapimwe. Kama hali hii imedumu zaidi ya miezi sita na inaonekana nyumbani na shuleni pia, wataalamu huchunguza iwapo ana tatizo la umakini na utulivu. Lakini mtoto asiyesikia vizuri au asiyelala vya kutosha anaweza kuonekana hivyohivyo, na huyu pia amempoteza mama. Huzuni ya mtoto mara nyingi hutoka kama ukorofi. Anzia kituo cha afya, uombe rufaa ya hospitali ya mkoa. Muhimbili nako kuna idara ya magonjwa ya akili. Beba daftari lenye maelezo ya mlipuko ulitokea saa ngapi, ulitanguliwa na nini na uliishaje.

Shangazi wa Tanga:

Mimi naongeza mawili ya pwani. La kwanza ni ufukwe maji yakiwa yamekupwa, kwa sababu mtoto anaweza kuchimba, kukimbia na kufuata kaa mchangani bila kuambiwa "usiguse." Kupwa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, basi waulize wavuvi kabla ya kupanda daladala, na muondoke maji yanapoanza kurudi. Bahari itamsaidia mjomba kumaliza mchezo, maana hakuna wa kubishana nayo. Avae viatu, na usimwache mbali na mkono wako.

La pili ni tiara, hasa miezi ya upepo wa kusi, kati ya Mei na Septemba. Chukueni njiti mbili za ufagio wa chelewa, mzifunge msalaba kwa uzi wako wa cherehani, mbandike gazeti kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa, na mkia uwe wa vipande vya kitambaa vinavyobaki kwako kila siku. Yeye akimbie na tiara, wewe ushike uzi, kisha mbadilishane. Rusheni uwanjani, mbali na nyaya za umeme na barabara. Tiara ikiyumba na kuzama kichwa, ongezeni kitambaa kwenye mkia. Ikikataa kupanda kabisa, punguzeni. Mwache yeye ndiye aamue ni kipande kipi.