Mrejesho: ile sheria ya wachezaji 3 kwenye drafti yetu

Wasee nimerudi. Niliwauliza kama ni haki kwenye drafti yetu ya Ligi Kuu ya Uingereza (ule mchezo wa kuchagua wachezaji halisi kwa zamu, kila mtu aunde timu yake ya kuwaza) mtu azuiwe kuchukua zaidi ya wachezaji 3 wa klabu moja, vile iko kwa fantasy ya kawaida, ile ya kuunda timu na kupata pointi kwa vile wachezaji wamecheza, juu kuna mmoja wetu alikuwa anapanga kubeba Arsenal karibu yote.

Basi Jumamosi tukakutana kwa jamaa huko Umoja, watu 8, tukabishana mpaka chai ikapoa kwa thermos, mwishowe tukapiga kura na sheria ikapita 5 kwa 3. Tukaongeza pia zamu igeuke kila raundi, yaani wa mwisho anachagua namba 8 na 9 mfululizo, na kusema kweli hii ndiyo imeleta usawa kuliko hata ile ya klabu. Kila mtu achukue makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3, hapo hakuna aliyepinga.

Mtu wa Arsenal alinuna lakini alitia sahihi, na ile karatasi tumeibandika ukutani kando ya kalenda. Asanteni sana mliosisitiza tuandike kabla ya kuchagua, mmetuokolea urafiki.